Saa Sita ya Nani

Watu huniambia vipuri vinajua kusoma.
Kwamba giaboksi, gizani mwake, ndani ya mafuta meusi,
huhesabu siku za mkataba kimyakimya,
na dhamana ikilala tu, nayo inalala.
Mzee mmoja wa Sept-Îles aliniapia:
"Alternata ilingoja Jumatano, bwana. Ilingoja!"
Nikamwambia samahani, kama karatasi inavyoniagiza.

Kazi yangu ni kuwasomea watu tarehe.
Nawasomea nikiwa Moncton, ghorofa ya pili, juu ya duka la viatu,
hedifoni masikioni, kahawa imepoa,
theluji inagonga dirisha kama mtu aliyesahau ufunguo.
Miaka mitatu ya kiwanda,
minne ya nyongeza, uliyouziwa ukiwa bado unanusa viti vipya.
Ahadi ni deni, ndiyo,
ila deni hili lina kalenda,
na kalenda ikiisha unaniitikia mimi.

Nina daftari. Si la kampuni, ni langu.
Naandika umbali kati ya dhamana na kifo cha chuma.
Pampu ya maji, siku kumi na moja.
Rejeta, siku nne.
Mota ya dirisha la nyuma, wiki tatu,
na mtoto wa Bibi Thibodeau akasafiri hadi Gaspé
mfuko wa plastiki ukimpiga shavuni.
Sijui naliandikia nini.
Marehemu baba alikuwa akiandika hali ya hewa.

Usiku wa tarehe thelathini na moja Januari
akapiga Aili Niskanen wa Thunder Bay.
Sauti kavu, isiyo na haraka.
Gari lilikuwa limekataa gia zote isipokuwa rivasi.
"Nimekuja kinyumenyume kilomita mbili," alisema,
"kichwa nje ya dirisha, baridi ikinipura,
mpaka kituo cha mafuta.
Ile nyongeza aliilipia mume wangu, Reino.
Nilimcheka miaka minne.
Sasa ningependa kumwomba radhi kwa risiti."

Nikatazama kompyuta. Herufi nyekundu: Imekwisha.
Saa ya ukutani: saa sita na dakika kumi.
Nikavuta pumzi ya samahani.
"Zimebaki dakika hamsini," akasema.
"Za nini, bibi?"
"Za mkataba. Huku ni saa tano na dakika kumi."

Nikaufungua mkataba, kurasa thelathini na nne,
nikapitisha kidole kama atafutaye mawe kwenye mchele.
Ulitaja mikanda. Ulitaja kutu, mafuriko, vita,
panya wanaotafuna nyaya.
Ulisema: mwisho, saa sita usiku.
Haukusema ya nani.

Tukanyamaza. Kwake nilisikia kengele ya mlango wa duka,
mtu akinunua sigara, akilalamikia bei.
Nilitaka kumwambia: kipuri hakisomi, bibi.
Chuma kilianza kuchoka tangu kilima cha kwanza;
mtu mwenye kikokotoo alikisia tu kitachoka lini,
akakuuzia siku zilizotangulia.
Sikumwambia. Niliuliza jina la kituo,
nikaandika kwenye kisanduku:
Simu imepigwa saa tano na dakika kumi, kwa saa ya gari.

Kwa saa ya gari.
Maneno hayo hayamo kwenye karatasi.

Asubuhi Odette, msimamizi, aliyasoma mara mbili,
akaniangalia kama unavyoangalia
taa ya dashibodi usiyoijua maana yake,
akaondoka nayo kwenda chumba chenye mapazia.
Wiki ya tatu sasa, sijaambiwa kitu.
Bibi Niskanen naye hajapiga tena.

Daftarini nimeandika: Giaboksi. Thunder Bay.
Mahali pa siku nimepaacha wazi.
Kalamu iko mfukoni.